Bwana Afya na Adhabu ya Kutengwa

Watu wengi wa mji wetu wanamkumbuka Bwana Afya kwa usafi. Mimi namkumbuka kwa sababu alimnyang'anya mama yangu watu. Wanaomsifu wana midomo yao, waendelee. Mimi nitamweleza kama nilivyomwona, na kama kuna uchungu ndani yake basi na uwemo, sikuuomba.

Jina lake nalijua, silitaji. Mji nao siutaji. Inatosha kusema uko upande wa Kahama, kwenye barabara ambayo miaka ya tisini kila mwenye sururu aliipita, ama akienda Geita kutafuta dhahabu ama akirudi bila hiyo. Yeye alikuwa Bwana Afya wa halmashauri, mimi nilikuwa mpiga chapa katika chumba kilichopakana na chake. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilimjua kwa kikohozi, kwa kuburuta kiti, na kwa ile tabia yake ya kujisemea peke yake kila alipokuwa na hasira. Alikuwa na hasira siku nyingi.

Alikuwa mrefu na mkavu, shati la kaki limefungwa vifungo hadi kooni, na miguuni viatu vya mpira virefu. Kwetu jua linapasua ardhi miezi na miezi, mifugo inakonda, watu wanatazama juu wakiulizana mvua imekwenda wapi, naye anapita na viatu vya mpira kama mtu aliyeambiwa mafuriko yako njiani. Mkononi alishika fimbo yenye msumari nchani, shingoni alining'iniza filimbi ya refa. Akiona mtu ameangusha kitu alipuliza filimbi, na soko zima likatazama chini, kila mmoja akikagua miguu yake mwenyewe. Kisha alichoma ile taka kwa msumari, akaiinua juu kila mtu aione, akauliza, "Nani mwenye hii?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Nilimsikia akilisema kwenye mnada wa ng'ombe, kwenye foleni ya zahanati, na mara moja kwenye harusi, maharusi wanatoka kanisani, vigelegele vimepamba moto, na yeye kainua kipande cha karatasi ya rangi kilichokuwa kimerushwa juu ya kichwa cha bibi harusi. Bibi harusi akadhani ni zawadi, akanyoosha mkono. Watu walicheka hadi wakakaa chini, lakini yeye alisimama palepale na fimbo yake mpaka shangazi mmoja akasema ni yake, ili mambo yaendelee.

Asipopatikana mwenye taka alikuwa na kanuni, nayo alipenda kuitamka polepole kama padre anayefundisha sala. "Taka ni ya aliye karibu nayo." Hapo alikuwa amemaliza. Ungeweza kulia, kuapa, kuleta mashahidi, hakuna kilichobadilika. Mimi nimefanya kazi na maofisa wengi, wavivu, walevi, wezi, na nasema bila kuficha kwamba hakuna aliyenichosha kama mtu huyu ambaye hakuwa lolote kati ya hayo.

Maana rushwa hakula. Wenye mabucha walijaribu, wenye vilabu vya pombe walijaribu, mwenye mashine ya kusaga alimpelekea jogoo nyumbani, jogoo akarudishwa akiwa hai na salamu za shukrani. Watu walimsifu kwa hilo. Mimi naona heri angekula. Mla rushwa unajua mlango wake uko wapi, unabisha, mnaelewana, kila mtu anakwenda zake. Huyu alikuwa nyumba isiyo na mlango.

Kichekesho ni kwamba nyumbani kwake palikuwa pachafu kuliko sehemu yoyote ya mji. Nilitumwa huko mara moja kupeleka funguo za ofisi, nikabaki nimesimama uani. Makopo yalikuwa yamepangwa hadi dirishani. Matairi, vipande vya mabati, chupa za kila rangi, mifuko ya nailoni imekunjwa na kufungwa kwa kamba mafungu mafungu. Mkewe aliniona ninavyoshangaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyu hawezi kutupa kitu. Anasema akitupa, kitaenda wapi?" Hata maganda ya karanga aliyatia mfukoni. Ukikaa naye kikaoni ulisikia mfuko wa shati lake ukichakarika kila alipoinama.

Na alikuwa na adabu, hilo sitamnyima. Hakumpita mtu mzima bila kumwamkia, hata kama dakika iliyofuata angempulizia filimbi. Kisukuma hakukijua alipohamia kwetu, akajifunza salamu tu, akazisema kwa lafudhi yake ya kutoka mbali, "Mwangaluka, mayu, shikamoo," salamu ya Kisukuma na ya Kiswahili zote kwa mkupuo mmoja, kana kwamba moja haitoshi. Akina mama wa sokoni walimpenda kwa hilo. Mama yangu hasa. Mama aliuza dagaa na michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na mara kwa mara alimfungia Bwana Afya kidogo akale na chai. Alikuwa akiniambia, "Kabula, yule ana ukali wa mdomoni tu." Mama aliwaamini watu upesi.

Mwaka mmoja kipindupindu kiliingia. Waliokufa hawakuzikwa na ndugu. Serikali iliamuru wazikwe na watu wa afya peke yao, maiti imefungwa nailoni, hakuna matanga, hakuna kuosha, hakuna kulia karibu. Bwana Afya alizika wale watu yeye na vibarua wake. Alipomaliza alikaa ofisini na mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akijisemea. Baada ya hapo ndipo alipoanza kudai adhabu. Nasikia watu wakisema hilo linamwondolea lawama. Mimi nasema linaeleza tu alikoanzia.

Aliandaa rasimu ya sheria ndogo ya kuwaadhibu watupa taka, nikaipiga chapa, ikaenda kwenye baraza la madiwani. Nilikuwemo kikaoni, pembeni, nikiandika yanayosemwa. Wote walikubali kwamba mji umechafuka. Ubishi ulikuwa juu ya adhabu. Wa kwanza akasema faini. Diwani wa kata wanakokaa wachimbaji akaangua kicheko.

"Faini mtampiga nani? Kijana wa duarani, kule mashimoni kwenye dhahabu, akishatoa mzigo wake anawashia sigara noti. Atalipa, atatupa tena, na atawauliza kama akitupa mara mbili anapunguziwa. Na yule mama wa mchicha, mkimpiga faini huyo, si mmemfungia genge?"

Mwingine akataka watiwe mahabusu, akaambiwa mahabusu imejaa wezi wa baiskeli. Mzee mmoja akataka viboko, tena hadharani, tena siku ya gulio. Alilieleza jambo hilo kwa utamu mpaka jirani yake akamkumbusha kwamba ganda la chungwa alilolirusha dirishani dakika ile ile lilikuwa bado halijafika chini. Kikao kikavunjika kwa kicheko. Nilidhani ndiyo imekwisha, itaahirishwa kama mambo yote yanavyoahirishwa.

Bwana Afya akasimama. Hakucheka.

"Waheshimiwa, ninyi wenyeji mna adhabu kubwa kuliko hizi zote. Nimeiona vijijini kwenu. Mwizi wa ng'ombe anatengwa. Hasalimiwi, haazimwi moto, na haichukui muda anakuja mwenyewe kwa magoti. Haina gharama, haina mahabusu, tajiri na maskini inawauma sawa. Kwa nini tusimtenge mchafu?"

Madiwani wale karibu wote walikuwa Wasukuma, walijua anachokisema kuliko alivyokijua yeye, na nafikiri ndiyo sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujibu. Mwishowe mwenyekiti wa halmashauri akasema kutenga watu hakumo katika vitabu vya sheria, kwa hiyo faini iendelee kutafakariwa, na kwa wakati huo kamati ya soko, ikipenda, ijaribu hilo kwa makubaliano yao wenyewe. Niliandika hivyo. Nikaona ni maneno ya vikao, nikaenda kunywa chai.

Kamati ya soko ilipenda. Mwenyekiti wa soko alikuwa mzee aliyewahi kuongoza sungusungu kijijini kwao, wale walinzi wa jadi waliomaliza wizi wa ng'ombe huku kwetu. Aliita watu wakakaa kama wanavyokaa kijijini kwenye dagashida, kwenye baraza la wote, wazee mbele na akina mama nyuma. Wakakubaliana kwamba atakayekutwa na taka aizoe na akiri. Akikataa kukiri, ametengwa, na atakayemsalimu naye ametengwa. Mama alikuwepo. Alinyoosha mkono kukubali kama wengine.

Haikupita muda, siku moja baada ya gulio, lori la vijana wa duarani lilisimama nyuma ya meza ya mama. Wakashuka, wakatafuna miwa, wakapiga soga, wakaondoka. Asubuhi Bwana Afya akakuta lundo la makapi ya miwa. Nilikuwa nimepita kumpelekea mama ufunguo wa nyumba kabla ya kwenda kazini, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

"Mwangaluka, mayu, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama." Akachoma kapi moja kwa msumari, akaliinua. "Nani mwenye hii?"

"Sijui, baba. Mimi nauza dagaa."

"Iko nyuma ya meza yako, mama. Taka ni ya aliye karibu nayo."

"Hata wewe umesimama nyuma ya meza yangu. Basi nawe ni wangu?"

Soko likacheka. Nilimwona uso ukimbadilika. Alikuwa mtu wa kuchekwa kila siku bila kujali, lakini siku ile kilimwingia, sijui kwa nini.

"Mama Kabula, sema tu umekosa, uzoe, tumalize."

"Kuzoa nitazoa. Ningezoa hata usipokuja. Lakini kusema nimekosa, hilo sisemi, maana sikukosa."

Akachukua ufagio, akafagia yote mpaka udongo ukaonekana, mbele ya kila mtu. Halafu akarudi kwenye kigoda chake akakaa. Mwenyekiti wa soko akaitwa, akamuuliza kama anakiri, mama akatikisa kichwa. Mzee akageuka akaondoka bila kuaga. Mama Shija, ambaye meza yake iligusana na ya mama, ambaye walikuwa wakila sahani moja mchana, alisimama, akakigeuza kigoda chake, akampa mama mgongo.

Mtu ambaye hajaona kutengwa atadhani ni kununiwa tu. Ngoja nieleze. Mama aliuza kwa wapita njia peke yao, na hao wakinong'onezwa waliondoka. Majirani nao walikuwa watu wa soko, kwa hiyo jioni hakukuwa na wa kumwomba kaa la moto. Bombani akina mama walimpisha, wote, wakasimama mbali mpaka ajaze ndoo, na hakuna aliyemsaidia kujitwisha. Mtoto wa jirani alikuja mbio uani kwetu kwa mazoea, akaitwa na mama yake kwa sauti ambayo kwa kawaida huitiwa mtoto aliyekaribia kisima. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, mimi na bibi, mama yake mama, aliyekuwa mzee wa kitandani. Bibi aliuliza kila siku mbona haji mtu kumwamkia. Mama alimjibu kwamba watu wako shambani.

Nilimwambia mama akiri. Sioni haya kusema hivyo. Nilimwambia ni neno moja tu. Akaniambia, "Mwanangu, nikilisema litakuwa kweli." Ninalofahamu ni kwamba alikonda.

Na Bwana Afya je? Bwana Afya aliendelea kumsalimu! Kila asubuhi, kwa zile salamu zake mbili, mbele ya watu. Yeye hakuwa wa soko, hakuona inamhusu. "Mama, bado tu hujasema?" Kama anayemuuliza mgonjwa kama amemeza dawa. Alidhani kutengwa ni wiki moja ya aibu, kisha mtu anacheka, yanaisha. Aliokota adhabu ya watu asiowajua kama alivyookota makopo, akaileta mjini bila kuangalia kuna nini ndani.

Hilo alikuja kulijua baadaye, nami nilisikia kupitia ukuta ule wa mbao alipomwita mwenyekiti wa soko ofisini kwake.

"Mzee, naona imetosha sasa. Mfungulieni Mama Kabula."

"Amekuja na mbuzi?"

"Mbuzi wa nini?"

Mzee akasema taratibu, "Bwana Afya, ulidhani tunacheza? Aliyetengwa anarudi kwa kukiri mbele ya wote, na kwa mnyama wa kuliwa na wote. Mnyama hajaliwa, mtu yuko nje."

"Lakini mimi ndiye niliyeileta adhabu hii."

"Uliileta. Kuiondoa si kazi yako."

Nikasikia kiti kikiburutwa. "Na akifiwa?"

"Akifiwa, amefiwa peke yake."

Jioni ile nilimwambia mama nitanunua mbuzi kwa mshahara wangu. Akasema, "Watamla mbuzi, kosa litabaki tumboni mwangu." Sasa tulikuwa tunajua wote kinachosubiriwa, maana bibi alikuwa ameacha kula.

Alifariki asubuhi moja ya kiangazi. Mama alitoka uani akapiga yowe la msiba. Kwetu yowe hilo likilia, mwanamke anaacha ugali jikoni, anafunga kanga kiunoni akikimbia. Tulisimama uani. Moshi wa majiko ya majirani uliendelea kupanda. Mtu mmoja upande wa pili wa ua alikuwa akitwanga, akaacha, na baada ya muda akaendelea kutwanga. Mama hakupiga yowe la pili.

Katekista alikuja, kwa kuwa yeye si wa soko. Akaja na Mhindi mwenye duka la vitenge, ambaye mama alinunua kwake maisha yake yote. Bibi alitaka kuzikwa kijijini alikolala mumewe, na kufika huko kunataka gari. Wenye magari karibu wote walikuwa watu wa soko. Mhindi alitoa lori lake, lakini dereva na vibarua wake walikataa kulipanda, na yeye mwenyewe hakujua kuliendesha. Mzee wa watu alisimama uani kwetu na funguo mkononi, akirudia, "Pole sana, mama, pole sana," mpaka mama akaanza kumfariji yeye.

Ndipo tukasikia trekta.

Ilikuwa trekta ya halmashauri, inavuta tela la takataka. Bwana Afya alikuwa mbele, kwa miguu. Tela lilikuwa limeoshwa, bado linadondosha maji, linanuka dawa ile ya kusafishia vyoo, na ndani ametandika majani mabichi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kusugua. Alimwamkia mama, akasema, "Gari jingine sina."

Mama alilitazama tela lile muda mrefu. Mimi nilitaka kumpiga yule mtu kwa mikono yangu. Mama akasema, "Mpandisheni." Wanaume hawakutosha kubeba jeneza, nikashika upande mmoja mimi, mtoto wa kike, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Njia za kutoka mjini zilikuwa mbili. Fupi ilipita nyuma ya mashine ya kusaga, haina watu. Nyingine ilikatiza sokoni. Dereva wa trekta alianza kukata kuelekea mashineni, Bwana Afya akanyoosha fimbo. Sokoni. Sikuamini. Nilimpigia kelele, hakugeuka. Tukaingia sokoni saa ambayo limejaa, mama na mimi tumekaa juu ya tela kando ya jeneza, na katikati ya meza za dagaa akasimamisha trekta, akapuliza filimbi.

Mbele ya maiti ya bibi yangu alipuliza filimbi.

Watu wote wakatazama chini, kwa mazoea. Kisha mmoja mmoja wakainua macho. Bwana Afya akainua fimbo yake kuelekea jeneza, akauliza kwa sauti ile ile ya kila siku, "Nani mwenye huyu?"

Akauliza tena. Sauti ilimkatika katikati, akakohoa, akamalizia. Mwenyekiti wa soko alikuwa amesimama mbele ya duka lake na mikono nyuma. Nilimwona Mama Shija. Alikuwa amekaa vilevile, mgongo kwa meza ya mama iliyokuwa tupu. Akainuka. Akafungua kanga ya pili, akajifunga kiunoni, akaja hadi kwenye tela. Hakumtazama Bwana Afya. Akasema, "Ni wetu," akapanda, akakaa upande wa pili wa jeneza, na ndipo akaanza kulia kwa sauti. Baada yake walikuja wengine, mpaka dereva akasema tela halitabeba tena, na waliobaki wakafuata kwa miguu hadi kijijini kwenye vumbi la trekta. Mbuzi hakuchinjwa.

Hapo ndipo wanaomsifu wanapomalizia hadithi. Wanasema Bwana Afya alikosea, akalisahihisha kosa lake mbele ya watu, mwanamume gani mwingine angefanya hivyo? Wanaisimulia hadi machozi yanawatoka. Wao walikuwa chini. Mimi nilikuwa juu ya tela. Bibi yangu aliyenilea aliuliziwa mwenyewe ni nani, kama ganda la muwa, na aliyeuliza ndiye aliyewafukuza hao wenyewe. Kama alitaka kutubu angetubu kwa mama, uani, wawili. Alichagua somo. Alikuwa mtu wa kutoa somo hata na maiti.

Wala hayakuisha pale. Madiwani waliipitisha faini, hakuna aliyeilipa, na taka zikaendelea kuruka mjini. Mama alirudi mezani kwake, wakala tena sahani moja na Mama Shija. Lakini kitu kilivunjika. Aliniambia, "Walikuja, lakini walikuja baada ya kuonyeshwa." Kuanzia hapo aliogopa jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika, yowe litalia na watu wataendelea kutwanga. Basi akaanza kuzika. Hakukosa msiba wowote, wa jirani, wa mgeni, wa mchimbaji aliyeangukiwa na udongo asiyejulikana kwao. Aliacha dagaa juani akaenda. Alirudi miguu imevimba, anaanika kanga, kesho yake anaenda kwingine. Nilimwambia apumzike, akanijibu kwamba anaweka akiba. Mama yangu, aliyekuwa akiwaamini watu upesi, aliishi miaka yake ya mwisho akiwanunua kwa miguu yake.

Bwana Afya alihamishwa. Alikuja kuniaga ofisini, nikaendelea kupiga chapa. Mimi nami niliacha kazi, nikahamia Geita, nikafungua chumba cha kupiga chapa katika kata ya Kalangalala. Mama alifia kule kule mjini kwetu, kabla miaka ya tisini haijakwisha.

Nilikutana na Bwana Afya mara moja tu tena. Kando ya chumba changu alikaa fundi viatu, na asubuhi hiyo nilipofungua mlango palikuwa na mzee kwenye benchi lake, mguu mmoja wazi, anasubiri kushonewa soli. Alikuwa amezeeka vibaya. Hakuwa na fimbo wala filimbi. Alinitambua yeye kwanza.

"Kabula."

"Shikamoo," nikasema. Mdomo ulikuwa umefunzwa.

"Marahaba, mwanangu." Alitaka kusimama, kiatu kikamzuia. Akaniambia amestaafu, amekuja kumwona binti yake aliyeolewa Geita. Mimi nilikuwa nimeshika kufuli, namsubiri amalize. Akauliza, "Mama hajambo?"

"Mama tulimzika."

Aliinamisha kichwa. Fundi akaacha kushona. Kisha mzee yule akanitazama, na nilijua swali lake kabla halijatoka, maana ndilo alilobaki nalo.

"Watu walikuja?"

Walikuja. Soko lilifungwa siku ile, na halikuwahi kufungwa kwa ajili ya mtu yeyote, hata diwani. Mama Shija alipiga yowe kabla yangu. Walikuja watu wa misiba yote aliyokwenda mama, kutoka vijiji nisivyovijua, wengine wakiuliza njia, na wachimbaji walitoka duarani na matope yao wakagombea jembe. Mwenyekiti wa soko, mzee sana sasa, aliletwa ameshikwa mikono huku na huku, akatupa udongo, akakaa chini akalia kama mtoto. Waliokuwa nyuma hawakuliona kaburi kwa wingi wa watu.

"Kabula," akasema. "Nakuuliza hilo tu. Watu walikuja?"

Neno moja lingemtosha, nami nilikuwa nalo. Nikaingia ndani, nikateremsha pazia, nikaketi mbele ya taipureta yangu nikisikia nyundo ya fundi, mpaka kiatu kikaisha na mwenye kiatu akaondoka.